Kioo Kilichosingiziwa

Rosettenville, 2 Machi 2025

Nomsa,

Hivi Observatory imehamia nchi gani? Maana mimi ninavyojua iko palepale kilimani, ng'ambo ya mji huuhuu wa Joburg tu, na wewe miguu unayo. Tangu siku ile ya Januari uliponirudisha kutoka chuoni kwenu sijauona uso wako. Simu unaipokea huku unatembea, nasikia viatu vyako na honi za magari, "Bibi, nitakupigia baadaye," kisha kimya. Hiyo baadaye yako haina mwisho.

Ndiyo maana nimemwita Murielle aache cherehani yake avuke ua aje kuniandikia. Simu inakatwa. Karatasi haikatwi. Babu yako alipokuwa ukimbizini Morogoro, na kwao huku Afrika Kusini hakurudiki, alikuwa akisema karatasi hujibiwa kwa karatasi. Nawe utanijibu hivyohivyo, kwa Kiswahili nilichokulea nacho. Usinitumie Kiingereza nikamsumbua huyu mtoto wa watu, ambaye Kiingereza chake ni cha kununulia nyanya. Murielle amenuna. Nimemwambia aliandike na hilo.

Sasa tuseme ukweli. Najua kinachokuzuia. Ni ile mashine yenu ya kupiga picha macho. Ulinikalisha kitini, kidevu nikakiegemeza kwenye kile kijisahani, ukaniambia, "Bibi, tazama nukta ya kijani, usipepese." Nikatazama mpaka machozi. Mara picha ikatokea, jicho langu kwa ndani, kijivu kama mwezi, na ukingoni doa jeusi. Mwenzio yule mrefu, Luqman, akasema neno kwa Kiingereza, wewe ukaguna. Nikauliza, "Nini?" Ukasema, "Si kitu, Bibi, ni mashine." Lakini uso wako ulikuwa wa mtu aliyeharibiwa kazi. Mimi kitabu sikusoma, nyuso nasoma.

Kama nilikuharibia, sema. Lawama nitaibeba, si ya kwanza kubeba. Lakini mjukuu hamsusi bibi yake kwa ajili ya chuma.

Mimi bibi yako,
Shufaa
(alama hii ni kidole changu gumba, wino wa Murielle)


Observatory, 9 Machi 2025

Shikamoo Bibi,

Barua yako Gervais aliniletea alipokuwa anapeleka mayai kwenye spaza, viduka vya mtaani vya huku. Alikataa kuondoka. Alisema, "Bibi yako, Gogo, ameniambia nikuangalie ukiisoma." Nimeisoma nimesimama mlangoni, yeye ananitazama kama askari.

Nimekosa. Sina neno jingine la kuanzia. Na Kiswahili changu cha kuandika kina kutu, nitaandika kama tunavyoongea.

Hukuharibu chochote, nakuapia. Ngoja nikueleze kazi yangu, maana miaka yote hii sijawahi kukueleza, na hilo nalo ni kosa.

Ndani ya ile mashine kuna kioo kidogo kuliko punje ya mchele. Kimeshikwa na vijiguu vinavyojipinda kama springi, na chini yake kuna kibati. Tukitia umeme kwenye kibati, kioo kinavutwa, kinainama, na mwanga unaodunda juu yake unatembea ndani ya jicho lako, mstari kwa mstari, mpaka picha inakamilika. Shida ni kwamba kadiri kioo kinavyokikaribia kibati ndivyo umeme unavyokivuta kwa nguvu zaidi. Mwanzoni springi inashindana nao. Kikishapita mahali fulani, hata nusu ya njia hakijafika, springi inashindwa. Kioo kinaanguka, pwa, na kung'ang'ania chini. Basi ukingoni mwa picha, pale kioo kinapoinama zaidi, panakuwa giza.

Mimi natafuta namna ya kukizuia kisianguke. Kompyuta inakitazama muda wote kujua kiko wapi. Kikianza kuvutwa sana inapunguza umeme, kikirudi inaongeza. Ndivyo kinavyoweza kusimama hata mahali ambapo peke yake kisingesimama. Kinachoniua ni kuchelewa. Habari ya mahali kilipo ikichelewa hata kidogo, kompyuta inapunguza umeme wakati kioo kimeshaanguka zamani. Inakiokoa kitu ambacho kimekwisha.

Siku yako kilianguka. Doa lile ni la kioo. Tena usicheke, hiyo picha yako ndiyo inayoonyesha tatizo wazi kuliko zote, na mwisho wa mwezi nitaionyesha mbele ya walimu na wageni. Nikimaliza hapo nitakuja. Jumapili ya kwanza ya Aprili, naahidi.

Mjukuu wako,
Nomsa


Rosettenville, 16 Machi 2025

Mke mwenzangu,

Marahaba. Murielle ameisoma barua yako mara mbili, ya kwanza kwa haraka kama anayefukuzwa, ya pili kama mtu. Nimeelewa. Ni maziwa. Anayechemsha maziwa hasogei jikoni. Yakianza kupanda anapunguza moto, yakitulia anaongeza. Akienda dirishani kuchungulia nani kapita, anarudi kupangusa jiko. Huo ndio usomi wenyewe? Basi na mimi nivalishwe joho.

Natania. Nimefurahi umenieleza. Nilimwambia hata yule Mreno wa duka la mikate kwamba mjukuu wangu anashika vioo visivyoonekana, akasema, "Eish, Gogo, anavishika vipi?" Nikamwambia, "Kwa kuvitazama." Akaniongezea mkate.

Lakini sasa nisikilize, na wewe Murielle andika usicheke. Acha kukisingizia kioo cha watu. Doa lile ni langu.

Ulinionya nisipake kitu machoni siku ile. Nikapaka. Nilikuwa nakwenda kutazamwa na wasomi, jicho langu liwekwe kwenye televisheni, siwezi kwenda na jicho la mtu aliyetoka kulala. Nikapaka wanja wa manga, ule dada yangu alionitumia kutoka Morogoro, mzito kama lami. Nilipofika kwenu nikaogopa, nikaingia chooni nikapangusa kwa ncha ya kanga, lakini wanja ule hautoki hata kwa kuapizwa. Ukaingia ndani. Nililiona doa kwenye picha nikaujua wanja wangu, nikanyamaza kimya kama mwizi wa kuku. Na wewe ukasema ni mashine, nikakuacha useme.

Sasa unataka kusimama mbele ya walimu na wageni useme kioo kimeanguka, kumbe ni urembo wa bikizee. Utaaibika kwa ajili yangu. Waambie kabla. Sema bibi yangu hasikii la mtu.

Jumapili ya Aprili nitapika pilau. Usiponitokea nitampa mbwa wa jirani, wala simpendi yule mbwa.

Shufaa
(kidole)

Dada Nomsa, hapa chini ni mimi Murielle, Bibi hajui ninaandika. Hapo aliposema habari ya maziwa, sufuria lake mwenyewe lilikuwa linafurika kwenye jiko, upande wake wa kushoto, karibu kabisa. Hakuona. Mimi ndiye niliyezima. Na hiki kidole nimemshika mkono, mara ya kwanza alikiweka mezani pembeni ya karatasi. Anasema taa ni mbovu. Taa ni nzima. Nimechoka kunyamaza, lakini akijua nimesema atanifukuza. Tafadhali, wewe ufanye kama hukusoma, ila uje.


Observatory, 27 Aprili 2025

Shikamoo Bibi,

Murielle, soma polepole, na usiruke neno hata likikuuma.

Bibi, Jumapili ile ya pilau nilikuja. Nilifika mpaka kwenye robot, zile taa za magari za kona yenu. Ulikuwa umekaa mlangoni unachambua mchele kwenye ungo. Nikakupungia mkono. Hukuinua kichwa. Nikapunga tena, mikono miwili, mpaka dereva mmoja akadhani namsimamisha yeye. Nilikuwa upande wako wa kushoto. Nikaelewa, nikageuka, nikarudi nyumbani. Pilau yako akala mbwa.

Ngoja nikwambie kwa nini nilirudi.

Barua yako ya wanja nilicheka nilipoisoma. Nikacheka, Bibi. Tena nilikuwa na sababu nyingine za kuja hapo haraka, nikajiambia kwanza nimalize siku ya walimu. Siku ikafika, nikasimama mbele ya watu, nikaonyesha picha mbili. Ya kwanza jicho lako: "Hiki ni kioo kilichoanguka." Ya pili jicho la mtu mwingine, safi, baada ya kompyuta yangu kujifunza kuwahi. Wakapiga makofi. Jicho lako, Bibi, wakalipigia makofi.

Nyuma kabisa alikaa mama mmoja mgeni, Orpha, muuguzi wa macho. Akanyoosha mkono. "Mwenye jicho hili la kwanza ana sukari?" Nikasema ndiyo, ni bibi yangu, lakini doa ni la kioo. Akasema, "Sawa. Na aliyekaa kitini baada yake, naye alitoka na doa?"

Aliyekaa baada yako ni Luqman. Unamkumbuka, alikaa kwa utani, akasema kiti bado kina joto la Gogo. Kiti kilekile, kioo kilekile, hatukugusa kitu. Picha yake ni safi mpaka ukingoni.

Kioo hakikuanguka siku ile. Nilikisingizia. Kilikuwa kinaanguka siku nyingine zote, basi nilipoona giza sikuuliza, nilijua jibu. Na wanja wako unabaki kwenye kope, Bibi. Picha imepigwa ndani kabisa, wanja haufiki huko. Doa limo ndani ya jicho lako, na mimi nililiona Januari, nikalifanya ushahidi wa kazi yangu.

Orpha anasema sukari huharibu mishipa midogo ya ndani ya jicho, inavuja. Palipokufa hapafufuki. Palipobaki panaweza kuokolewa, mtu akiwahi. Nimeyajua haya mwezi mzima. Mimi ninayewasomesha wenzangu habari ya kuchelewa.

Orpha amekuombea nafasi hospitali ya macho Jumatano hii. Gervais atakuja asubuhi na gari lake akupeleke. Mimi sistahili kukushika mkono. Nisamehe au usinisamehe, lakini nenda.

Nomsa


Rosettenville, 30 Aprili 2025

Nomsa,

Gervais amekuja. Nimempa chai na mkate, nimemwambia barua hii akupe mkononi, arudi kwenye mayai yake. Sikupanda gari. Mimi si trei, nipakiwe hapa nishushwe kule.

Murielle analia, machozi yanachafua karatasi. Nimemwambia akiendelea nitaandika mwenyewe, naye anajua siwezi, ndiyo maana amecheka kidogo. Tuendelee.

Umejipiga vya kutosha, sasa shika fimbo nyingine unipige mimi. Nilijua.

Tangu kabla ya mwaka mpya upande huu wa kushoto kuna pazia. Lilianza kama moshi, nikasema ni moshi. Likawa zito, nikasema ni taa, nikasema ni miwani, nikasema ni uzee. Kisha ukaniambia chuoni mnatafuta macho ya wazee ya kujaribia mashine. Nikadakia, mimi nitakuja! Ukafurahi, ukawaambia wenzio bibi yangu ana moyo. Nomsa, sikuja kwa moyo. Nilikuja mashine iseme, nisiseme mimi. Maana nikisema mimi utaacha shule uje kunikalia hapa kama mama yako Suzan alivyoacha ya kwake kumuuguza babu yako, na mpaka leo yuko Durban anauza simu za watu na akili yake yote ile.

Nikaona doa, moyo ukanifa. Ukasema, "Ni mashine." Mungu anisamehe, nilishukuru! Nikarudi nyumbani nikalala usingizi wa mtoto. Na wanja niliupaka kweli, sikukudanganya, lakini nilishajua si wanja. Nilipoona unataka kusimama mbele ya watu na jicho langu nikatafuta cha kukuzuia nacho, nikaona heri wanja. Wewe umesingizia kioo, mimi nimesingizia wanja, taa na mashine yako. Vitu visivyo na mdomo vimebeba mzigo wetu wote.

Kwa hiyo kosa la kwanza ni langu. Nilikutwisha jicho langu bila kukuambia kichwani umebeba nini. Usinigombanie kosa hilo, ni langu, nalitaka.

La kwako ni moja tu. Ulinipungia mkono, ukaona sikuoni, ukaniacha pale. Mgeni wa njiani angenijia akanigusa bega. Hilo silisamehe kwenye karatasi. Njoo usamehewe hapa, nikiwa nimekushika sikio.

Na hospitali nakwenda na wewe. Bila wewe siendi, pazia na lishuke lote mpaka chini. Unanijua.

Shufaa
(kidole nimeweka mwenyewe. Kama kimekosa karatasi, shauri yake)


Ndani ya gari la Gervais, siku hiyohiyo

Shikamoo Bibi,

Gervais ametaka kuniacha na barua aondoke, nimepanda gari lake kwa nguvu. Nimebanwa kati ya trei za mayai, ndiyo maana mwandiko huu. Ataingia yeye kwanza akupe karatasi hii, Murielle akusomee, mimi nitakuwa nimesimama nyuma yake. Sijui nitaanza na mguu gani.

Orpha anasema wakifunga saa kumi wanafunga kweli, basi sikio nivutie njiani.

Usipake wanja.

N.


Rosettenville, 29 Juni 2025

Mke mwenzangu,

Umeanza tena. Ulinipeleka mara ya kwanza, ukanipeleka ya pili waliponichoma jicho kwa mwanga, ulinishika mkono mpaka vidole vyangu vikafa ganzi, nikajua nimempata mjukuu wangu. Kisha ukaja ile Jumapili, ukakaa kwenye kochi kama mtu aliye msibani. Chakula hukula. Kila nikigeuka nakuta unalitazama jicho langu la kushoto. Nikikutazama, unatazama viatu. Tangu hapo kimya, na baridi hii ya Joburg inanitafuna mifupa peke yangu.

Daktari umemsikia mwenyewe, au ulikuwa unalia? Pazia halitapanda. Pale palipokwisha pamekwisha. Lakini halitashuka zaidi nikishika dawa na kuacha sukari kwenye chai, na hilo la pili ndilo linalonitoa machozi. Jicho la kulia ni zima. Jana nimetunga uzi kwenye sindano ya Murielle, nikajaribu mpaka ukapita, akapiga kigelegele mpaka Mreno akatoka dukani na kisu cha mkate akidhani kuna wezi.

Halafu Murielle huyu! Juzi nilimwambia anisomee tena barua zote, zako na zangu ulizonirudishia. Alipofika kwenye ya wanja akakohoa. Nikamwambia, "Soma." Akasema, "Bibi, kuna maneno yangu hapa." Akanisomea habari ya sufuria la maziwa. Nikamfukuza. Alipofika mlangoni nikakumbuka sina mwandishi mwingine, nikamrudisha. Lakini nimemfikiria. Yeye ndiye pekee kati yetu watatu aliyetazama na kusema siku ileile. Nimempa kanga yangu nzuri. Hajui kwa nini, sasa anaandika ndiyo anajua. Anza kulia, Murielle, tumekuzoea.

Gervais ananiambia umekwenda kwa walimu ukawaambia kioo hakikuanguka siku ile, na picha ile uliitumia vibaya. Wamekutaka urudie kazi ya karibu mwaka mzima. Hukuniambia. Ulidhani nitasikitika? Nimefurahi. Kioo nacho kina haki yake, kisibebeshwe kosa lisilo lake. Na wanaokuja kuketi kwenye kile kiti baada yangu nao ni bibi za watu.

Najua kinachokuzuia sasa, wala si mashine. Unaogopa kila ukija utaliona lile doa. Utaliona, ndiyo. Lipo. Na mimi nikikuona nitakumbuka nilivyokuficha. Tutakaa hivyohivyo na makosa yetu mezani, tutayasogeza pembeni tupate pa kuweka sahani. Makosa hayali sana.

Jumapili ijayo napika pilau, na mbwa wa jirani nimemwambia asahau. Usije na pole, usije na karatasi, barua zinachelewa na wewe unajua kuchelewa kunafanya nini. Ukifika kwenye robot usinyooke. Zunguka nyuma ya duka la mikate, utokee upande wangu wa kulia, ndipo unipungie mkono. Huko bado nakuona.

Shufaa